Kamera ya mkanda yenye lenzi pana isiyotoka: namna ya kuichagua na kuikagua kabla ya kulipa

Sebule ya bibi yangu ilikuwa ndogo, na nusu yake ilimezwa na kabati la vyombo. Sikukuu moja ya Idi nilitaka kumpiga picha akiwa ameketi mkekani na wajukuu wake wote. Kamera niliyokuwa nayo ilikuwa na lenzi ya milimita 50. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, nikachungulia: wajukuu wawili wamekatwa. Nikatoka nje na kupiga kupitia mlangoni, na nusu ya picha ikawa mbao za mlango. Wajukuu wote hawakukutana tena chini ya paa lile bibi akiwa hai. Tangu siku hiyo natembea na kamera yenye lenzi pana.

Ninayoizungumzia ni kamera ya zamani ya mkanda ambayo lenzi yake imefungwa kiwandani, haitoki wala haivuti. Kwa hiyo ukikosea lenzi, umekosea kamera nzima. Lakini nyingi ni ndogo za kuingia mfukoni, na ukishaizoea unajua fremu yako inaishia wapi kabla hujainua mkono. Nikimshauri mtu, huanza na vyumba na njia anazopita, halafu kamera moja moja aliyoishika mkononi, na jina la kamera huja mwisho kabisa. Wengi huanza na jina, ndiyo maana wanalipa sana na kupata kidogo.

Hatua ya 1: Pima upana unaouhitaji

Kwanza tusichanganye. "Mkanda wa milimita 35" ni jina la mkanda wenyewe, ule wa kawaida wa kwenye kopo dogo. "Lenzi ya milimita 35" ni kipimo cha lenzi. Kadiri namba ya lenzi inavyopungua, ndivyo inavyoona kwa upana zaidi.

Picha moja ya mkanda huo ina upana wa milimita 36. Chukua umbali uliosimama, zidisha kwa 36, gawanya kwa milimita za lenzi, utapata upana wa kile kitakachoingia kwenye picha iliyolala. Kwa mita 2.5, ambazo ndizo nilizokuwa nazo kwa bibi, lenzi ya 50 inaona mita 1.8 tu. Ya 40 inaona mita 2.25, ya 35 inaona kama mita 2.6, ya 28 inaona mita 3.2. Mkeka wetu ulikuwa karibu mita tatu. Jibu nilikuwa nalo kwenye hesabu, sikuwa nalo mkononi.

Kwa lenzi ya 35 huhitaji hata kalamu, maana 36 na 35 zinakaribiana: upana wa picha ni sawa na umbali uliosimama. Tundika kanga ukutani. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Simama mita moja na nusu kutoka ukutani na kanga itajaa picha pindo hadi pindo. Fanya hivyo mara chache na macho yako yatajifunza kipimo.

Njia nyingine ni simu. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa, ile ya alama ya 1x, inaona takriban kama lenzi ya milimita 24 hadi 26. Kwa maana hiyo wengi wetu tumeshazoea upana bila kujua. Weka 1.1x na utakuwa karibu na lenzi ya 28. Weka kama 1.4x na utakuwa karibu na 35, ukifika 1.6x uko karibu na 40. Chagua moja, kaa nayo wiki nzima, usiguse kuvuta. Andika ni mara ngapi ulitamani kurudi nyuma na mara ngapi ulitamani kusogea. Wiki hiyo haikugharimu kitu na itakuokoa hela nyingi.

Ushauri wangu: kama ni kamera ya kwanza, chukua 35. Inatosha sebuleni, inatosha harusini, na sura za watu hazivutiki. Chukua 28 kama unapiga sana kwenye vichochoro, kama vya Mji Mkongwe au Lamu, ambako ukuta wa pili uko nyuma ya kisogo chako, au ndani ya daladala. Lakini 28 inakudai ujasiri wa kumsogelea mtu. Ukisimama mbali, kila kitu kinakuwa kidogo na picha inajaa anga na lami. Na ukiipeleka nusu mita kutoka usoni mwa mtu, pua inakuwa kubwa kuliko alivyojaliwa; anayesimama pembeni kabisa mwa picha ya kundi naye huvutwa akaonekana mnene. Waweke watu katikati, pembeni uache ukuta. 40 ni upana wa kiasi tu, naitaja kwa sababu kamera nzuri za bei nafuu nyingi ziko hapo. 24 na 21 zipo, ila ni za mtu anayejua tayari kwa nini anazitaka.

Hatua ya 2: Amua umbali utawekwaje

Kamera hizi ziko za aina tatu. Zipo ambazo wewe unakisia umbali na kuzungusha pete kwenye alama: mtu mmoja, watu wawili, kundi, mlima. Zipo za kulinganisha vivuli viwili vya kitu unachokipiga ndani ya kioo cha kuchungulia mpaka vikae kimoja juu ya kingine. Na zipo zinazojitafutia zenyewe, nyingi za miaka ya 1980 na 1990.

Watu wanaogopa kukisia, lakini kwa lenzi pana kukisia ni rahisi kuliko wanavyodhani. Lenzi ya 28 ikiwekwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ikipungua, tundu linakua) na umbali wa mita 3.3, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 hadi upeo wa macho kinatoka kikiwa kikali. Ya 35 kwa f/8 ikiwekwa mita 5, unaanzia kama mita 2.5 hadi mwisho. Kwa jua letu la mchana na mkanda wa ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga), f/8 haikosekani, hata f/16 ipo. Unaweka mara moja asubuhi, unazunguka sokoni hadi adhuhuri bila kugusa pete. Kamera ya kujitafutia umbali hushikwa na kigugumizi mbele ya kioo cha dirisha au watu wawili walioacha nafasi katikati: inalenga ukuta wa nyuma, wao wanatoka ukungu.

Shida ya kukisia inakuja jioni na ndani ya nyumba, tundu la lenzi likifunguliwa hadi f/2.8. Hapo kosa la nusu mita linaonekana. Kama picha zako nyingi ni za usiku, tafuta ya kulinganisha vivuli.

Hatua ya 3: Chakula cha kamera, yaani betri na kipimamwanga

Kipimamwanga ndicho kinachozeeka kabla ya lenzi, na kila kizazi kina ugonjwa wake.

Za seleni hazitumii betri. Zina duara la vioo vidogo kama jicho la nzi kuzunguka lenzi, na mwanga wenyewe ndio unaozalisha umeme. Seleni huchoka kadiri ilivyoachwa juani miaka mingi. Iliyokaa na kifuniko chake kabatini mara nyingi bado ni nzima.

Nyingi za kuanzia miaka ya 1960 hadi 1970 zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, aina ya PX625, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu zebaki ni sumu. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5 inaingia vizuri, kamera inaamka, lakini nyingi zitapima mwanga vibaya na hutajua mpaka mkanda urudi. Dawa ni betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, ambayo ina volti 1.4. Ni ndogo kidogo, iwekee pete ya mpira au ya plastiki isicheze. Huisha baada ya miezi michache hata usipopiga picha, kwa hiyo nunua kadi nzima.

Za kielektroniki kabisa hutumia betri zinazopatikana, ama za vidonge za LR44 ama za CR2 na CR123A. Tatizo lao liko kwenye sakiti. Kamera ya gia na springi, fundi makini wa saa au wa cherehani anaweza kuifungua akaisafisha. Sakiti ya mwaka 1996 ikifa, vipuri hakuna, na hiyo ndiyo safari ya mwisho. Liweke hilo akilini unapoona bei.

Hatua ya 4: Majina machache ya kuanzia

Upana kwenye kamera ndogo si jambo la jana. Olympus walitoa Wide yenye lenzi ya 35 f/3.5 mwaka 1955, na mwaka 1957 wakaifuatisha Wide-S yenye 35 f/2. Ni nzuri mno, ila ni za mtu anayetaka kujifunza kupima mwanga kwa jicho.

Kwa anayeanza, naipendekeza kwanza Olympus XA ya mwaka 1979, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani. Lenzi 35 f/2.8, ya kulinganisha vivuli, mwili wake unafungwa kwa mlango wa kuteleza kama kobe anayeingia ndani ya gamba. Wewe unachagua tundu la lenzi, yenyewe inachagua spidi, yaani muda ambao shata, lile pazia linaloingiza mwanga, inabaki wazi. Inatumia vidonge viwili vya LR44. Ndugu yake XA4, ya mwaka 1985, ndiyo ya 28 f/3.5, na inakaribia hadi sentimita 30. Hata kamba yake ya mkononi ina alama za kupimia umbali wa karibu. Nayo ni ya kukisia. Ukiipata nzima usisite.

Olympus Trip 35, iliyoanza mwaka 1967, ina lenzi ya 40 f/2.8 na seleni. Haihitaji betri kamwe. Ina spidi mbili tu, 1/40 na 1/200, na inajichagulia. Kwa mtu anayeishi mbali na duka la betri, hii ni kamera ya kweli. Rollei 35 ya mwaka 1966 nayo ni 40, f/3.5, ndogo ajabu; kumbuka tu kwamba lenzi yake hairudi ndani mpaka uwe umevuta mkanda, na anayeilazimisha huivunja. LOMO LC-A ya Leningrad, mwaka 1984, ina 32 f/2.8, ya kukisia, na pembe za picha zake huingia giza. Wapo wanaolipenda giza hilo. Mimi silipendi kwenye picha za watu.

Anayetaka mwanga mwingi atafute Yashica Electro 35 CC, yenye 35 f/1.8. Anayetaka kubonyeza tu, Yashica T4 ina lenzi ya Tessar, 35 f/3.5, na Olympus mju II ya mwaka 1997 ina 35 f/2.8. Hiyo mju II inarudisha flashi kila unapoifungua. Unapaswa kuizima upya kila mara, la sivyo inammulika mtu msikitini au msibani.

Kisha ziko za kifahari za 28: Nikon 28Ti ya mwaka 1994 yenye mishale ya saa juu, Ricoh GR1 ya mwaka 1996, Minolta TC-1 ya mwaka huohuo. Ni kazi za mafundi hodari. GR1 ina swichi ya flashi inayobaki ulipoiacha na hali ya kufunga umbali kwenye mita 2, mambo mawili yanayoonyesha aliyeibuni alipiga picha barabarani. Lakini kioo cha namba juu ya GR1 nyingi kimeanza kupoteza vipande, na bei imepanda kupita kiasi. Nikon AF600, ya plastiki, nayo ina 28, f/3.5, na haina jina kubwa. Mimi ningeanza na hiyo.

Kwa mpiga mandhari asiyejali uzito, Fuji GSW690 ina lenzi ya 65 f/5.6 kwenye mkanda mpana wa 120, picha nane tu kwa mkanda, haina betri wala kipimamwanga. Upana wake ni kama 28 kwenye mkanda wa kawaida.

Hatua ya 5: Soma tangazo kwa jicho la mnunuzi wa gari

Kamera nyingi zinatoka Japani, na sisi tuliozoea magari kutoka huko tunajua kwamba "hali nzuri sana" ya muuzaji ina maana nyingi. Neno "janku" kwa muuzaji wa Japani maana yake hakuna dhamana yoyote. "Haijajaribiwa" kwa kawaida maana yake imejaribiwa ikagoma. Alama tano za kujumlisha (+++++) baada ya maneno ya sifa zisikubabaishe.

Niliwahi kununua kamera kwa picha tatu nzuri, zote za mbele. Ilipofika nikafungua mgongo, nikamulika, nikaona nyuzi za fangasi zimetanda kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Muuzaji hakuwa amedanganya neno hata moja. Sikuwa nimeuliza.

Basi uliza, na udai picha: lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma, chumba cha betri kikiwa wazi, sponji za mlango wa nyuma, na video ya shata ikifanya kazi. Uliza kama alishapiga mkanda mmoja na yaliyotoka yakoje. Asiyetaka kutuma hayo, achana naye. Halafu piga hesabu ya usafirishaji, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, kabla ya kusema bei ni nafuu.

Hatua ya 6: Ukaguzi mkononi

Beba vitu vinne: tochi ya simu, betri mpya za aina yake, njiti ya kiberiti, na mkanda ulioharibika wa kujaribia. Kaa mahali penye meza na usikubali kuharakishwa.

Anza na chumba cha betri. Unga wa kijani au mweupe ni betri iliyovuja. Kidogo kinasafishika kwa pamba ya masikio yenye tone la siki, kisha unakausha. Kama waya umeliwa, rudisha.

Fungua mgongo. Kwenye mifereji ya mlango kuna sponji nyeusi ya kuzuia mwanga. Iguse kwa njiti. Ikirudi ilivyokuwa, nzima. Ikinata kama lami, imeoza. Si sababu ya kukataa kamera, maana inabadilishwa kwa sponji nyembamba au uzi mweusi wa sufu, ila ni sababu ya kupunguza bei.

Sasa lenzi. Kama kamera ina alama ya B, iweke, bonyeza na ushikilie, shata ibaki wazi. Ambayo haina, ziba kipimamwanga kwa kidole na ubonyeze. Nyingi zitakaa wazi muda kidogo. Mulika kutoka mbele kwa mshazari, wewe ukitazama kutoka nyuma, kisha geuza. Vumbi ni vinukta, usijali. Mikwaruzo midogo ya mbele haionekani kwenye picha. Nyuzi zenye matawi ni fangasi. Wingu jeupe la kioo kizima litafifisha kila picha uliyoelekea mwanga. Ukiona rangi za upinde wa mvua zinazotambaa kutoka ukingoni, gundi kati ya vioo imeachia. Hayo matatu ya mwisho ndiyo ya kukufanya uinuke mezani.

Tazama visu vya shata: viwe vikavu. Vikiwa na ng'ao wa mafuta vitanata, leo polepole, kesho kabisa. Piga spidi zote. Sekunde moja iwe sekunde moja kwa sikio lako. Ikiburuta ni mafuta yaliyoganda.

Kwa Trip 35 kuna jaribio lake. Iweke kwenye A (hali ya kujichagulia), ziba lenzi yote kwa kiganja, bonyeza: kibendera chekundu kiinuke ndani ya kioo cha kuchungulia na shata igome. Elekeza dirishani, bonyeza: ipige. Ikipiga hata gizani, au ikigoma hata juani, seleni au sindano ya kipimamwanga imekufa.

Kwa ya kulinganisha vivuli, chungulia nguzo ya umeme iliyo mbali sana ukiwa umeweka alama ya upeo. Vivuli viwili vikae kimoja juu ya kingine. Mwisho tia ule mkanda mbovu, uvute mpaka mwisho, uurudishe. Kamera nyingi za mota hufanya kila kitu sawasawa zikiwa tupu na kukwama zikipata mzigo.

Hatua ya 7: Mkanda wa kwanza

Tia mkanda wa ISO 400 wenye alama za DX, zile pande za fedha na nyeusi kwenye kopo, kwa sababu kamera za kujisomea zikikosa alama hizo nyingi hudhani mkanda ni wa ISO 100. Usipige jambo muhimu. Piga ukuta wa matofali ukiwa umenyooka nao, kwa tundu kubwa kabisa kisha f/8. Piga mtu kwa mita 1, 2 na 3, ukipima kwa futi kamba. Piga chumba chenye dirisha. Piga jua likiwa pembeni. Andika kila picha kwenye daftari, kisha iache kamera juani dakika chache ikiwa na mkanda nusu, ndipo uendelee.

Zikishasafishwa, tazama negativu zenyewe kabla ya picha. Mstari mweusi unaoanzia kwenye matundu ya pembeni ni mwanga unaopenya kwenye sponji. Matofali yakiwa makali kushoto na laini kulia, lenzi imepinda, pengine iliangushwa. Mtu wa mita 2 akiwa ukungu na ukuta wa nyuma yake mkali, umbali unasoma vibaya, na hilo fundi analiweza.

Kama unaishi pwani, vua mfuko wa ngozi siku hiyohiyo, maana ngozi hufuga unyevu na fangasi huanzia humo. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Kila wiki itoe, piga shata mara kumi tupu, ukiweka spidi za polepole kwanza.